Namba Iliyoganda

Jumanne, 4 Novemba. Tottenham. Asubuhi ya ukungu na manyunyu, baridi.

Mama,

Nimerudi zamu ya usiku, hata koti sijavua. Wanaokuja kunipa mkono wa taazia wananisifu: "Ulimhudumia mama yako mpaka ukamtengenezea programu ya simu." Naitikia kwa kichwa tu. Wewe nikwambie kweli.

Unakumbuka tulivyoanza? Kile kihisi cha kidoleni cha kupima oksijeni kilituma namba zake kwa bluetooth, na mimi nilitaka kuziona nikiwa kazini. Wiki ya kwanza simu ilitafuta vifaa vya karibu ikaleta televisheni za majirani na hedfoni za jengo zima. Ukacheka: "Mwanangu, umewapata wote isipokuwa mimi." Wiki ya tatu kikaunganika. Simu kuukuu tukaiweka kando ya kitanda chako, isome kihisi na kuniletea namba. Kwenye shajara niliandika: 96, nikapiga mstari chini yake.

Lakini kila ukitaka kutia udhu ulikivua. "Kidude chako kinazuia maji. Na usije ukanipigia simu kama mwendawazimu." Nilijua unakivua, Mama. Sikujiuliza programu inafanya nini kikivuliwa.

Asubuhi ile nilitazama simu saa kumi na mbili na nusu, nikiwa kazini, namlisha uji mzee mmoja wa makao ya wazee. Tisini na tano. Nikaona uko salama, nikairudisha mfukoni. Saa mbili nikakukuta juu ya msala, umeshapoa. Kihisi kilikuwa ukingoni mwa beseni.

Juzi nilikivaa mwenyewe, nikakivua, nikasubiri robo saa. Namba haikuondoka. Nilikuwa nimeiandikia programu ipokee namba mpya. Sikuiandikia ifanye nini zisipokuja. Daktari anasema huenda nisingekuwahi. Huenda.

Bi Zuwena wa ghorofa ya juu anaitaka programu hiyo kwa ajili ya mumewe. Nikamwambia bado, nikamweleza kwa nini. Alilia. Kisha akasema, "Basi itengeneze, mwanangu."

Nakuahidi: kihisi kikinyamaza, namba itafutika na simu italia mpaka mtu aende akatazame. Nitakivaa na kukivua siku nzima, siku baada ya siku, kabla sijampelekea mtu.

Sikuombi uniambie si kosa langu. Mungu akulaze pema, Mama.

Nalala sasa, saa tatu na dakika kumi asubuhi.