Mistari Mitatu Tuliyokuachia

Karakana ya Cherehani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Sisi huku tu wazima, isipokuwa Babu, na hali yake ndiyo iliyonikalisha kitako nikuandikie kwa mkono, maana ujumbe wa simu huujibu.

Alhamisi hii Babu atapasuliwa koo. Daktari alimweleza bila kuzungukazunguka kwamba uvimbe utaondoka pamoja na sauti. Babu akauliza kama mikono itabaki. Alipoambiwa itabaki, akasema, "Basi sijafa."

Shida ni kwamba ujuzi wake wote umo kichwani. Unajua hapendi kuandika, ukiacha yale maneno machache ya ubaoni anayoyafuta kwa mkono wa shati kila jioni. Kwa hiyo Shangazi aliniomba nitafute mahali ambapo Babu ataeleza, mimi niandike, na wote wanne wa karakana waweze kusoma na kusahihisha. Mwalimu wetu wa kompyuta aliniambia tunachohitaji ni wiki. Haihusiani na siku saba; ni tovuti yenye kurasa ambazo kila mwanakikundi anaweza kuzihariri.

Nilijaribu programu tatu. Ya kwanza ilikuwa na uwezo mkubwa, ila ilitaka mtu wa kuihudumia kila siku kama mgonjwa. Mzee Taratibu, fundi wetu wa majora na pasi, aliitazama akasema, "Karani, hii inataka fundi wake yenyewe. Sisi tuna cherehani tayari." Niliiacha.

Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho na nyepesi, nami nikaipenda upesi mno. Babu alinisimulia kwa saa nzima namna ya kusikiliza cherehani ya kukanyaga: mlio upi ni wa ukosefu wa mafuta, upi ni wa sindano iliyopinda. Alikuwa akikohoa na kunywa maji kila baada ya sentensi mbili. Kesho yake Shangazi na Mzee Taratibu waliufungua ukurasa ule kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa simu yake. Mzee alihifadhi wa mwisho, na kwenye simu yake ukurasa ulikuwa haujamaliza kufunguka, bado mtupu. Maelezo yote ya Babu yakapotea. Programu ile haikuweka nakala ya nyuma, nami sikuwa nimeuliza.

Baba Mdogo, nililia nyuma ya rafu ya vitambaa. Saa nzima ya sauti yake, na siku zilizobaki zinahesabika. Babu aliniita. "Karani, njoo hapa. Kalamu unayo?" Akaanza upya. Shangazi akamsihi apumzike, akamjibu, "Nitapumzika kuanzia Alhamisi, tena sana."

Ndipo nikachagua ya tatu. Haina pambo lolote, kurasa zake ni nyeupe kama daftari, na hata simu ya Mzee Taratibu yenye kioo kilichopasuka inaifungua. Watu wawili wakihariri pamoja, inawaonya. Zaidi ya yote, haisahau. Kila neno linalobadilishwa, lile la zamani linabaki nyuma yake, pamoja na jina la aliyeliandika.

Nilipomwonyesha Babu, aliuliza, "Na mtu akifuta?"

"Kilichofutwa kinabaki, Babu. Ukitaka unakirudisha."

"Hata kama aliyefuta ni mkubwa wa karakana?"

"Hata kama ni yeye."

Alikipitisha kidole kioo cha simu, kama anayefuta chaki. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwisha kuwa ndogo, "Laiti ningekuwa na ubao wa namna hiyo."

Nilikuwa darasa la pili siku ile uliyoandika ubaoni mistari saba kuhusu kuweka sindano ya cherehani ya ngozi, naye Babu akaifuta mbele ya wateja. Nakumbuka vumbi la chaki begani mwako ulipokuwa ukitoka, na tangu hapo hujarudi. Sikuandikii kukulaumu, wala kumtetea. Nakueleza tu kilichofuata.

Aliniambia nifungue ukurasa mpya, niuite Cherehani ya Ngozi, na juu kabisa niweke jina lako. Akafumba macho akaanza kuitaja mistari yako, mmoja baada ya mwingine, kama ulivyoiandika. Alimaliza wa nne akakwama. Alijaribu tena tangu mwanzo, mara mbili, akakwama palepale. Nikamwuliza kama atajazia kwa njia yake mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Njia yangu huvunja sindano. Mwachie nafasi mwenyewe."

Kwa hiyo nimeacha nafasi ya mistari mitatu. Anwani ya tovuti na neno lako la siri nimeviandika kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya bahasha hii. Ukiandika kabla ya Alhamisi, nitamsomea, naye ataweza kukujibu kwa mdomo wake, nami nitayaandika maneno yake chini ya yako. Ukichelewa pia andika. Macho yake bado ni mazima.

Shangazi anakusalimu sana. Mzee Taratibu anasema kiti chako bado kinayumba mguu uleule, na hajakitengeneza kwa makusudi. Mama Mdogo na wadogo zangu wote wape salamu zangu.

Mungu akulinde, akunyooshee mgongo, na amwongoze daktari wa Babu.

Kila asubuhi kabla ya shule nitaufungua ukurasa wako nione kama umeandika.

Mimi mwanao nikupendaye,
Karani