Shangazi Anasema Nafuga Mchanga

Shoga, leo nimeaibika mpaka basi.

Shangazi kaja kuona samaki wangu. Si unajua nilivyojigamba kwenye kundi la familia? Samaki sita, wadogo kama kidole, kila mmoja ana jina lake na analala ndani ya kombe lake la konokono.

Sasa wale wakiona mgeni tu, wote mbio ndani ya makombe. Tangi zima likabaki maji na mchanga.

Nikamwambia, "Subiri kidogo Shangazi, watatoka." Tumekaa dakika arobaini. AROBAINI, shoga! Tunatazama mchanga.

Akageuka kuchukua chai, mmoja akachungulia. Nikapiga kelele, "Yule pale!" Kageuka, hamna kitu.

Si unajua ni nesi mstaafu? Kanishika paji la uso kuangalia homa! Halafu kampigia mama mbele yangu: "Wifi, njoo upesi. Mtoto anafuga mchanga. Tena kaupa na majina."

Anafuga mchanga!! Mimi!

Mama yuko njiani.

Na samaki je? Shangazi kafunga mlango tu, wote sita wakatoka. Wamejipanga kwenye kioo wananitazama, utadhani wamekuja kumjulia hali mgonjwa.