Mreteni Uliomwachia Baba

Ghorofa ya pili, juu ya duka la cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko uliko? Unalala vipi, unakula nini, na kile kikohozi cha mwaka jana kimekuacha au bado mnaishi pamoja? Nakuuliza haya kwa mpangilio kama tulivyofundishwa shuleni, ila safari hii nataka majibu kweli. Barua mbili nilizokutumia kabla ya hii hukuzijibu. Simu yako kila nikipiga haipatikani, na yule mwanamke anayeniambia kwamba haipatikani nimeshamzoea kama wifi yangu.

Sisi hatujambo kiasi. Cherehani inanizungusha, mgongo unalalamika, lakini kazi ipo. Shemeji yako bado anaendesha gari la mikate na bado anajiona rubani. Shangazi amehamia chumbani kwako tangu mwezi wa pili. Usinune, vitu vyako amevipanga vizuri kuliko ulivyoviacha. Baba yupo. Habari zake ndizo zilizonikalisha hapa kuandika, na siwezi kuzieleza bila kuutaja ule mti wako.

Unakumbuka siku ya kuondoka ulivyomkabidhi ile bonsai, mti wa kudumazwa makusudi bakulini? Mreteni mdogo, haufiki hata kwenye kiwiko changu nikiusimamisha mezani, majani membamba kama sindano, ndani ya bakuli la udongo la buluu. Ulikuwa unatania ili watu wasilie. Ulimwambia, "Baba, usihangaike kuulizia habari zangu. Ukitaka kujua naendeleaje, angalia huu mti." Sote tukacheka. Baba hakucheka, na hakuna aliyeliona hilo siku ile.

Akauweka sebuleni, kwenye meza yake ya kutengenezea saa, akisema kitu cha mwanawe hakilali nje. Basi kila aliyepita aliusalimia na kuumwagia maji. Baba asubuhi, mimi nikirudi kazini, Shangazi kila alipokumbuka, na shemeji yako hata yale yaliyobaki kwenye glasi yake. Mapenzi yalikuwa yako wewe, na mti ndio uliokuwa unaloweshwa.

Kulikuwa na jambo jingine, tulilokuja kulijua baadaye. Unamfahamu Baba na kibano chake. Kila asubuhi, kabla hatujaamka, alivaa lenzi yake ya jicho moja akanyofoa majani yote yaliyogeuka kahawia, moja moja, kama anavyotoa vumbi ndani ya saa. Tukiamka tunaukuta mti safi, wa kijani, umependeza. Miaka miwili tumekula mbele yake tukisema Kitinda wetu mambo yake yanamwendea.

Mwisho wa mwezi wa nne Baba aliugua. Mguu wa kushoto ulivimba, akalala siku kumi bila kushika kibano. Siku ya kumi na moja alitoka chumbani akaukuta mti umekuwa wa kahawia upande mzima, kama umeunguzwa na pasi. Alikaa chini taratibu. Hakuuliza mti umefanywa nini. Aliuliza, "Kitinda ameandika?" Nikamwambia bado. Tangu hapo ananiuliza hivyo kila siku, nikiwa bado navua viatu mlangoni, na chakula anakigusa kwa adabu tu.

Nikaufunga mti kwenye shuka nikaupeleka kwa yule mama mtunza bustani wa karibu na stesheni, aliyekuuzia. Bado ni mkavu wa maneno. Aliunusa udongo, akachomeka kijiti, kikatoka kinanuka kama maji ya mtaro. Akaniuliza, "Huu mlikuwa mnaunywesha au mnauogesha?" Kisha akageuza bakuli na kunionyesha tundu la chini limezibwa na mizizi iliyooza. "Na nani kawaambia ni wa ndani? Huu unataka jua na upepo, siyo televisheni."

Nilimwambia kwamba wiki chache tu zilizopita ulikuwa wa kijani kabisa. Alikwaruza gome la tawi moja kwa ukucha, chini yake pakawa pakavu, kahawia. Akakwaruza la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Ndipo akasema, "Mti wa aina hii hufa kwanza, rangi hubadilika baadaye. Mizizi ikishaondoka, majani hukaa kijani hata miezi miwili, mitatu. Ukiyaona yamekauka, ujue hiyo ni habari ya zamani."

Mdogo wangu, nilisimama pale katikati ya vyungu vya watu nikahesabu miezi tangu simu yako ya mwisho. Ilikuwa mitatu. Niliogopa, sikufichi. Simu ile ulisema, "Mimi mzima kabisa dada, msijali," harakaharaka, na nyuma yako palikuwa kimya. Siku zote ukipiga nasikia mashine za kiwandani, hata tunapigiana kelele. Siku ile hapakuwa na mashine, wala watu. Niliona lile jambo nikaliacha lipite kwa sababu nilikuwa na gauni la bibi harusi mkononi. Najuta mpaka leo.

Tawi la chini kabisa, lile linaloelekea kushoto, alipolikwaruza palionekana ukijani mwembamba kama uzi. Tawi moja tu. Akalipigania hilo. Alibandua vile vikokoto vilivyogandishwa kwa gundi juu ya udongo, akazibua tundu la chini, kisha ule waya uliozungushiwa tawi ili lipinde akaukata kipande kipande, maana ulishaanza kuzama kwenye gome na kuuzungusha kuutoa kungevunja kilichobaki. Akanikataza kuuhamishia bakuli jingine wakati huu. Akanikataza mbolea, eti hauna mizizi ya kuilia. Niuweke nje, upate jua la asubuhi na kivuli kuanzia mchana. Nichomeke kijiti kila siku, kikitoka na unyevu niondoke zangu. "Na huyo mwenye kibano uliyenisimulia," akasema, "mnyang'anye. Jani likikauka liacheni, nataka tuone ukweli."

Nyumbani nilimwambia Baba mti umechoka kukaa ndani, unahitaji hewa tu. Habari za matawi matatu sikumwambia. Nilimwangalia machoni nikamdanganya, na yeye akaitikia, akanikabidhi kibano bila hata kuuliza kwa nini.

Kuokoa mti kwa kutoufanyia kitu ni kazi ngumu kuliko kushona koti. Shangazi nimemkamata mara mbili anatembea kwa ncha za vidole na kikombe cha maji. Shemeji yako aliuzungumzia kama mgonjwa wa hospitali, akashusha sauti kila akipita, mpaka nikamwambia anyamaze. Mimi mwenyewe nachomeka kijiti asubuhi, na saa moja baadaye najikuta nimesimama palepale na kijiti mkononi tena. Wiki tatu tawi lile halikubadilika. Tukaanza kupumua.

Jumanne iliyopita ncha yake ilififia. Haijawa kahawia, lakini si kijani tena. Ni rangi ya nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nikaenda mbio kwa mama wa bustani, akaja mwenyewe kuutazama, akashika kiuno. "Subirini," akasema, na hakunitazama usoni alipolisema.

Baba amehamishia kiti chake kibarazani. Anakaa mbele ya mti kuanzia asubuhi, mikono mapajani. Na Alhamisi nilimkuta ametoa lile begi lake la kahawia, amekunja mashati matatu ndani, anamuuliza shemeji yako ni siku ngapi kwa basi kufika kwako. Anasema tawi la mwisho likikauka, anakuja kukutafuta.

Sasa nisikilize vizuri. Mguu wa Baba una donge la damu. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba asikae ndani ya gari hata kwa muda wa saa tatu, kwa sababu donge likisogea ndiyo basi. Kwako ni siku mbili. Nimemweleza, Shangazi amelia, shemeji yako amekataa kumtajia kituo cha basi. Baba anatusikiliza wote, kisha anageuka kuangalia mti. Unajua akishaamua jambo alivyo. Mti ukifa hatuwezi kumzuia, na mimi nauona unavyokwenda.

Kwa hiyo andika. Siombi barua ndefu. Kama umefukuzwa kazi, andika. Kama uko hospitalini, andika. Kama umefungwa, andika, tutajua pa kuanzia. Kama umeoa bila kutuambia, andika, nitakutukana wiki nzima halafu nitakushonea suti. Barua hii naituma kiwandani kwenu, siyo chumbani kwako, ili kama hupo hapo aliyepo aifungue. Wewe unayeisoma badala yake, kama ndivyo ilivyo, tafadhali tuandikie wewe.

Shangazi anakusalimu, anasema blanketi lako amelianika. Shemeji yako anakusalimu, anasema mkate wako wa bure bado upo. Mama wa bustani naye alisema nikikuandikia nimtaje, sijui kwa nini. Mungu akufunike huko, akuwekee watu wema mlangoni, na mkono wako aupe nguvu ya kushika kalamu.

Baba ameomba nimwachie nafasi hapa chini, naye ataifunga bahasha mwenyewe. Nimeikunja karatasi ili asione niliyoyaandika.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayekufokea kwa sababu hiyohiyo,

Dada Mkubwa

*

Mwanangu,

Dada yako anadhani sijui habari za mti. Nilijua kabla yake.

Usiniandikie kwamba hujambo. Niandikie ulivyo. Kama mkono hauwezi, mpe mtu akuandikie.

Baba