Pikipiki ambayo hata wauaji hawakuitaka

Mpendwa Kaka,

Pikipiki ya baba bado iko. Ningekuambia ni nzima, lakini hukuwahi kuvumilia uongo wangu. Inakohoa, inavuja, inafuka moshi, na anayeiendesha siku hizi ana kitambi.

Unakumbuka mafundi wa Rumonge walivyoikimbia wakati wa vita? Tuliisukuma karakana hadi karakana, mimi nikilalamika mgongo, wewe ukinicheka. Wote walisema kelele zake zinafika milimani, na atakayeitengeneza ataulizwa na wenye bunduki anamtengenezea nani. Asubuhi ile watu walikuwa wakiingia mjini kutoka Minago kwa kufuata ufuko, wengine wamekatwa panga kichwani, na mama alikuwa amebaki kule na mguu wake mbovu, akingoja tumfuate. Basi ukaketi chini, wewe fundi wa baiskeli, ukaifungua mwenyewe.

Ilipowaka nikairukia. Ukanishusha kwa kola.

"Ngoja, mutoto wa mama. Kazi ya fundi inajaribiwa na fundi."

Ulikuwa ufike tu kwenye mashine ya kukamua mawese, njia ya Minago, ugeuze. Nilikusikia ukibadilisha gia. Halafu risasi. Halafu injini ikabaki ikiunguruma mahali pamoja.

Nilikukuta kifudifudi barabarani. Risasi zilikuwa zimekupasua kifua, kisha wenye bunduki wakatoka kwenye michikichi wakakumalizia kwa panga shingoni. Wakakuvua viatu. Pikipiki wakaiacha imelala ubavu, gurudumu likizunguka na kurusha damu yako majanini. Hata wauaji hawakuitaka, Kaka. Ungecheka.

Nikaiinua nikaenda Minago, mimi niliyejua kuanguka tu. Mama nilimkuta amejibanza nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, nyumba ikiwaka. Tuliporudi alikuona, akaniomba nisimame. Nilisimama lakini sikushuka: injini ingezimika, na aliyejua kuiwasha alikuwa amelala pale. Mama akavua kitenge chake akakufunika. Mimi nikaendelea kuzungusha mkono wa mafuta, isizimike.

Sasa mafundi wananikataa upya. Wanasema vipuri hakuna, na ni kweli, lakini kiini ni mimi: wakimaliza, siwaachi waijaribu. Naipanda mwenyewe. Fundi akizuiwa kujaribu kazi yake huona ametukanwa, kwa hiyo nimefukuzwa na wote, hata wale wa Kabezi huko.

Juma lililopita fundi Hamadi, hapa karibu na soko, aliikubali. Alipomaliza nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Hakunipa.

"Muzee, nitaijaribu mimi. Kama unaogopa, panda nyuma."

Nikapanda. Nilimkumbatia kiuno kama bibi harusi, wanawake wa sokoni wakanishangilia. Kwenye mashine ya mawese akapunguza mwendo, palepale, akageuza. Nikafumba macho nikangoja. Nilichosikia ni injini tu, na Hamadi akilalamika kwamba namkaba tumbo.

Tukarudi, Kaka. Pikipiki imerudi, na fundi wake amerudi juu yake.

Pumzika sasa. Kazi yako imejaribiwa.

Mdogo wako,
mutoto wa mama