Mto Haufiki Hapa, Laga Inafika

Mpendwa Mama Mutheu,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda huu wote. Nimekuwa nikikuandikia kichwani tu, nikifua, nikinyonyesha, na kila nikishika kalamu mmoja wa hawa wangu anaamka. Halafu namba yako ya zamani siku hizi inapokelewa na mwanamume wa Migori, muungwana sana, ananiombea heri kila nikimpigia, lakini si wewe. Kwa hiyo barua hii nimempa muuguzi wa zahanati yetu, maana kwao ni Mwingi kama kwenu. Nakala nyingine nimeiweka wazi kwenye ukurasa wa mtaa mtandaoni, ili yeyote aliyeishi upande wetu akahama kwa sababu ya maji ajue kwamba ninasema na yeye pia.

Unaikumbuka laga ikiwa imelala? Korongo la mchanga mtupu kuanzia shule mpaka chini, wageni wakidhani ni barabara ambayo serikali imesahau kuiweka lami. Watoto wanateleza kwenye kingo, mbuzi wanavuka, na wewe una kisima chako kwenye kona, unachimba kwa sufuria kuukuu mpaka maji yachungulie. Mimi nilikuwa ndiyo nimeolewa, na Kiswahili changu cha darasa la nane. Nakuja kwenye ukuta uliotutenganisha: "Mama Mutheu, nibe bilibili."

Unasimamisha cherehani. "Bilibili? Huyo simjui. Hapa yuko pilipili peke yake."

Nikinuna unanipa, na juu yake unaongeza vitunguu viwili. "Na hivi vinaitwaje?"

"Fitunguu."

"Haya, nenda na fitunguu vyako, mtoto wa watu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza lugha hii ninayokuandikia, kwa kuchekwa na mtu ambaye hakuwahi kunirudisha mikono mitupu. Ramadhani ulikuwa unazima redio yako ili tuisikie adhana ya magharibi. Krismasi mama mkwe alikupitishia mguu wa mbuzi juu ya ukuta, akakwambia usiwape wageni wako sehemu yenye mafuta, ule wewe.

Na ile siku. Hapa Garissa hapakunyesha hata tone. Jua kali, nguo zimekauka kwenye kamba. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko juu na sisi hatuna habari. Nilikuwa ndani na Hafsa mchanga, bado tuko kwenye arobaini, na unajua kwetu mzazi hatoki nje kabla siku hizo kuisha. Ukaja unagonga mlango kwa mkasi wako wa kazi. "Mama Hafsa, toka! Laga inashuka!"

Mama mkwe akasimama mlangoni, akasema mzazi hatoki. Ukamwita kwa jina tunalomwitia sisi wanawe: "Hooyo, arobaini itangoja. Maji hayangoji."

Ukamlaza Hafsa kwenye beseni la kufulia, ukalitwika kichwani kana kwamba unaenda sokoni, ukatangulia. Nikakufuata pekupeku, namshika mama mkwe mkono. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yanavuta matawi na mbuzi wa watu, na mpaka tunafika shuleni yalikuwa yamenipanda juu ya magoti. Tukageuka, tukaona meza ya cherehani yako inapita. Hukulia. Ulisema tu, "Na lile gauni la mke wa mwalimu lilikuwa limebaki vifungo."

Ulipohama sikukulaumu. Mtu akipoteza cherehani hapotezi chuma, anapoteza mkono. Ila niliumia, na bado naumia nikisikia mashine ya mtu mwingine ikilia mtaani.

Sasa sikiliza kwa nini naandika leo. Kaunti inataka kuitengeneza laga, kuipanua na kuinua tuta kando yake, maji yashuke hadi Tana bila kupitia majumbani. Kabla ya kuchimba lazima waangalie mradi utaathiri mazingira namna gani, na lazima wasikie wananchi. Kikao cha kwanza kilifanyika chini ya hema pale shuleni. Wataalamu wakauliza, "Je, mto hufika hapa?" Akasimama Adeer Sahal, yule baba mdogo wa mume wangu, akaegemea bakora yake, akasema, "Mto haufiki hapa. Haujawahi. Alhamdulillah." Hema zima likaitikia alhamdulillah. Na mimi niliitikia. Wakaandika.

Ripoti ilipoletwa ofisi ya chifu tuisome, nilikwenda na kitindamimba mgongoni. Nasoma polepole, unanijua, lakini nasoma mpaka mwisho. Imeandikwa kwamba wakazi wamethibitisha upande huu haufikiwi na mafuriko. Kwa hiyo tuta linaishia shuleni. Chini ya shule, kwenye ramani, upande wetu, kuna mshale wa buluu: maji yataachiwa hapo yatawanyike. Nikauwekea mshale ule kidole, nikafuata njia, nikahesabu vibanda. Mama Mutheu, ule mshale unaingia jikoni kwangu.

Nyumbani mume wangu akasema, "Nyamaza tu. Mkilalamika wataupeleka mradi kwingine, tukose wote." Mama mkwe yeye alihofia jambo jingine: "Utamkosoa Adeer mbele ya watu?"

Nikamwambia sitamkosoa. Adeer alisema kweli.

Kikao cha pili nilikaa mbele. Mtaalamu alikuwa mmoja wa wale wa kwanza, dada kijana kutoka Nairobi, ameshika ripoti. Niliposema maji yalinitoa nyumbani na mtoto mchanga, akafunua kurasa.

"Lakini mama, hapa mmesema mto haufiki."

"Haufiki kweli."

"Sasa yalikuwa mafuriko ya nini?"

"Ya laga."

"Laga si mto?"

Hema likapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Huyu dada hajawahi kuchota!" Nilimtazama Adeer. Akainuka taratibu.

"Binti yangu," akamwambia, "mto ni Tana. Mto unalala na maji. Laga inalala na mchanga, siku ikiamka ndiyo inakutafuta. Uliniuliza mto, nikakujibu mto. Ungeniuliza laga, tungekesha hapa."

"Sasa mzee, nikuulize laga?"

"Niulize."

Akamuuliza. Adeer akaeleza, kisha akanionyesha kwa bakora: "Na huyu mke wetu aliyabeba hayo maji miguuni. Muandike yeye kwanza."

Yule dada alicheka na yeye, halafu hakucheka tena, aliandika. Mbele yetu sote akaukata ule mshale kwa kalamu nyekundu, akasema kipande chote cha chini ya shule kitapimwa upya na ripoti haitapelekwa mbele mpaka hapo. Nikapata nguvu ya kusema na mengine. Nikasema wasijenge ukuta wa zege pande zote mbili, maana visima vya mchangani tutavichimba wapi? Waache njia ya mteremko mbuzi wavuke. Ile migunga ya kwenye kona wasiing'oe, ndiyo inayoshika kingo. Aliandika hayo yote na kunisomea aliyoyaandika. Nilimsahihisha sehemu moja, hakukasirika.

Sitakuficha, nimechoka. Kukiwa na wingu upande wa juu silali usingizi wa maana, nasikiliza. Lakini kuchoka kwangu kwa sasa si kule kwa zamani. Mume wangu, yule yule wa nyamaza tu, juzi alitembea na mpimaji juu mpaka chini akimwonyesha maji yalikopita, na aliporudi alimwambia mama yake, "Mke wangu ana maneno." Hafsa naye ameanza shule, anakwambia wewe ndiye uliyemfundisha kuogelea akiwa kwenye beseni. Sijui nani kamdanganya.

Wataalamu wanataka maelezo ya maandishi ya walioyaona maji kwa macho, na wengi wetu tumetawanyika, wengine wana vibanda kwenye kambi ya Dagahaley, wengine wamepanda mjini. Adeer na mimi peke yetu hatutoshi. Yasipokuwepo maandishi, tuta litaishia shuleni na mshale utarudi kwa wino usiofutika. Sikuombi hisani, Mama Mutheu. Wewe ni wa hapa, na neno lako ni haki yako.

Msalimie Mutheu na wote wa nyumbani. Mungu akuweke kwenye ardhi kavu na roho laini. Ninavyohitaji unitumie ni hivi, mpe muuguzi akirudi au tia kwenye basi: maelezo yako kwa mkono wako mwenyewe, uandike "laga", tafadhali usiandike "mto", useme maji yalipokufikia mwilini, na yalitokea upande gani wa kisima, picha aliyopiga Mutheu ya ukuta wenye alama ya tope, kama bado anayo, nakala ya kitambulisho chako, na ruhusa yako niyasome maelezo hayo mbele ya hema. Na jibu moja la mwisho. Mpimaji ameniuliza nyumba iliyo ubavuni mwangu aiandike inakaliwa au imehamwa, maana tuta linahesabu nyumba zenye watu. Nimemwambia asiandike kitu bado, mwenyewe atasema.

Jirani yako wa ukuta mmoja,
Mama Hafsa