Kisiwa Changu cha Mto Tana

Mjukuu wangu Wanja,

Huku Ishiara tuko sawa, ndengu zimekubali na mke wangu, cucu yako, anakusalimu.

Umeuliza kama ni kweli niliwahi kumiliki kisiwa. Kabisa! Kilikuwa katikati ya Tana, mchanga na matete, ndege wengi, na mamba walionijua kwa jina. Sikuwa na shamba, kwa hivyo wakati wa kiangazi nilivuka nikapanda mkonge kuweka mpaka. Asubuhi nikakuta kiboko ameukanyaga wote akifuata njia yake ya kila siku. Kumbe pasipo na watu pana wenyewe.

Msichana aliyekuwa akichota maji ng'ambo akauona mkonge uliokanyagwa na kiboko, akapiga kelele, "Wewe, mwenye shamba amerudi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakiacha kisiwa, nikavuka kwenda kumwomba maji ya kunywa. Ndiye huyu cucu yako.

Guka wako