Mwanangu Ana Duka Zima, Lakini Anakula Ukuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi nina duka la rejareja na mtoto mmoja wa kiume, miaka minne, wateja wamempachika jina la Bonge, na kila asubuhi namketisha juu ya kaunta nampa biskuti, pipi, juisi ya pakiti, chochote anachonyooshea kidole, kwa sababu haiwezekani mtoto wa mwenye duka atamani vya dukani kwao, na kusema kweli akila kitu watoto wenzake wanakililia na mama zao wananunua, sasa siku hizi ameanza kubandua chokaa ya ukutani anaila, nikimchapa analia kidogo kisha analala, hachezi, mke wangu ambaye ni fundi cherehani akampeleka kliniki, nesi akamvuta kope akasema mtoto hana damu ya kutosha, mimi nikacheka, damu itamwishiaje mtoto ambaye nikimbeba nahema? Mke wangu hakucheka. Anasema mtoto ashuke kaunta, la sivyo amchukue wahamie kwa mama mkwe. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la maharage, kitini kwangu amelala Bonge. Naomba unitajie rangi ya ukuta ambayo mtoto hawezi kuibandua.

Baba Bonge

Baba Bonge, pole. Pole hiyo mpelekee mkeo, wewe subiri kwanza.

Rangi sina, na nyingine ni sumu, usithubutu. Mtoto anayekula chokaa huku ana pipi mkononi hadeki, bwana. Mara nyingi mwili wake umepungukiwa madini ya chuma yanayotengeneza damu, na kumchapa ni kumwonea tu. Sukari itamjaza mashavu, damu haitamwongezea. Umekalia maharage, bila shaka na mayai unauza, halafu unaniuliza habari za rangi! Jamani, umenichosha.

Kesho funga duka. Ndiyo, funga. Mrudishe kliniki wewe mwenyewe, apimwe damu, na dawa atakayopewa umpe kama utakavyoelekezwa, usiongeze za kwako. Nyumbani ale maharage, yai, mboga za majani, na tunda juu yake. Chai asinywe pamoja na chakula, huzuia madini hayo. Pipi na juisi za pakiti ziuze ukitaka, ila yeye kaunta asiikaribie tena. Na mkeo mtake radhi kabla hajafunga mizigo.

Wateja watauliza Bonge wao yuko wapi. Usiwaambie kalala. Waambie anaumwa, na aliyekuwa akimlisha ni wewe.